Mstari Uliokataa Kujaa

Kwenye barabara ile ya Buyenzi kulikuwa na mlio mdogo ambao watu waliuzoea hata wakaacha kuusikia. Mafundi wa magari walipozima mashine zao kwenda kuswali alasiri ndipo ulipojitokeza: chuma chembamba kikigusa chuma chembamba, polepole, ukikoma kidogo na kuanza tena. Siku ulipokoma moja kwa moja hakuna aliyetambua. Baadaye, mmoja mmoja, watu walianza kuona kwamba alasiri imekuwa ndefu kuliko zamani, wasijue kwa nini. Sasa hivi kwenye baraza ulikotoka mlio ule kuna fundi wa redio. Redio zake husema zote kwa pamoja, na hakuna inayoisikiliza nyingine.

Mlio ulitoka kwenye spoku mbili za baiskeli. Houda alizitumia kama sindano za kufumia. Baba yake, Massoudi, aliyekuwa fundi wa breki, alizinoa ncha mwenyewe kwenye jiwe la gereji, na upande wa pili akaziwekea tone la risasi iliyoyeyushwa ili mishono isichopoke.

Houda alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Aliwahi kuolewa, ndoa fupi isiyoacha mtoto wala ugomvi, kisha akarudi kwa baba yake na sanduku lile lile aliloondoka nalo. Baba alipofariki, na ndugu zake wakatawanyika na biashara zao, alibaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne. Alilala kile cha mbele kwa sababu vingine vilikuwa na mwangwi. Aliishi kwa kufuma masweta. Mjini Bujumbura, ambako joto la ziwa halimwachi mtu hata usiku, hiyo ilikuwa kazi ya kuchekesha.

"Houda, sufu yote hiyo utamuvalisha nani? Jua?" jirani yake Fatouma alizoea kumchokoza.

"Jua likisikia baridi litakuja lenyewe," Houda alijibu bila kuinua macho.

Wateja wake walikuwa watu wa milimani, wa Ijenda na Bugarama, walioshuka na viazi wakapanda na masweta. Sufu aliipata kwa kufumua nguo za mitumba, akizikunja nyuzi juu ya mgongo wa kiti, akiziosha, akizianika uani hadi zinyooke na kusahau umbo la mtu wa kwanza.

Alijifunza kufuma ujana wake kwenye foyer, nyumba ya masista ambako wasichana wa mitaani walifundishwa kushona, kupika na kuketi wima. Pale alikalishwa benchi moja na msichana wa Kanyosha aitwaye Consolate, Mkristo, mfupi, mwepesi wa kucheka. Masista waliwapanga hivyo kwa sababu mmoja alibana mishono mno na mwingine aliilegeza mno, wakitumaini wataambukizana. Hawakuambukizana. Miaka ikapita, Consolate akaolewa na Télesphore, mwalimu wa hesabu, na bado kila Alhamisi alipokuja sokoni na mafungu yake ya mboga za lengalenga alimalizia siku kwenye baraza ya Houda. Yeye naye hakupata mtoto. Hilo hawakulizungumza, wala hawakuhitaji.

Shali ilianza wakati wa likizo kubwa ya mwaka wa tisini na tatu. Télesphore, aliyefundisha shule ya bweni huko juu mikoani, alikuwa amekuja kumchukua mkewe barazani. Aliwakuta wakigombana na kipande cha jarida la Kifaransa, modeli, mchoro wa kufuata wa shali, uliokuwa umechanika katikati.

"Shemeji," akamwambia Houda, "hiyo modeli ni ya kuchanganya watu."

"We ni prof wa hesabu," Consolate akamkata. "Ya sindano unajua nini?"

"Sijui kitu. Lakini naweza kuwapa modeli isiyochanika, sababu haina karatasi."

Akaokota kaa la jiko, akachuchumaa, akachora kwenye saruji. Shali ingeanzia kwenye ncha moja na kila mstari ungezidi kidogo ule uliotangulia, mpaka iwe pembetatu. Mishono ni ya namna mbili tu: wa nundu na wa laini. Mfumaji hahitaji kukumbuka chochote. Anatazama mstari aliokwisha kuufuma, jirani na jirani. Wawili wakifanana, juu yao anaweka laini. Wasipofanana, anaweka nundu. Pembeni huku na huku, nundu siku zote.

"Ni hivyo tu?" Houda akauliza.

"Ni hivyo tu. Ni pembetatu ya namba ambayo wanafunzi wangu wanaikariri na kuichukia. Zisizogawanyika kwa mbili ni nundu, zinazogawanyika ni laini."

"Basi na mi naichukia," Consolate akasema, lakini alikuwa tayari ameshika spoku.

Walipoanza, waliona jambo ambalo mchoro wa kaa haukuwaonyesha vizuri. Kwenye kitambaa zilijitokeza pembetatu laini, ncha chini, ndogo zikiwa zimepangana kuizunguka kubwa, na kubwa zikiizunguka kubwa zaidi, kama kwamba mtu fulani alikuwa amezipanga. Hakuna aliyezipanga. Na mara chache mstari mzima ulitoka nundu tupu, kutoka pembe hadi pembe. Huo waliuita mstari uliojaa. Baada yake katikati kulifunguka uwazi, na ule uliofuata kujaa ulikuwa mbali mara mbili. Télesphore aliwaambia shali ikomee kwenye mstari wa namna hiyo, itapendeza. Wakakubaliana hivyo, wakiwa wanakunywa chai, siku ambayo hakuna aliyeiona kuwa ni ya kukumbukwa.

Mwezi wa kumi rais aliuawa, na shule ile ya mikoani ikawa moja ya mahali ambapo watu walitenganishwa mlangoni kwa kabila. Télesphore hakurudi. Alizikwa huko huko na watu ambao hawakumjua. Consolate alibaki Kanyosha na mama mkwe wake, Jovithe, kwenye nyumba ambayo mumewe alikuwa bado hajaimalizia dari.

Wiki za mwanzo bado aliweza kufika Buyenzi. Aliketi barazani, akafuma mistari miwili mitatu, akampa Houda, Houda naye akafuma. Hawakusema mengi. Siku moja Consolate akasema, kama mtu anayetaja bei ya mboga, kwamba siku ya kuganduka, siku ukoo utakapofunga rasmi matanga ya Télesphore na mjane kuvua nguo za msiba, angependa kuivaa hii shali.

"Itakuwa imekwisha," Houda akasema.

Hilo ndilo aliloahidi, na tangu hapo alikuwa na jambo moja la kulingojea maishani.

Kisha barabara ikafungwa. Kutoka Kanyosha kuja mjini lazima upite Musaga, na Musaga palikuwa na vizuizi vya mawe na matairi, na vijana waliojua kwa kukutazama pua kama upite au usipite. Consolate hakuwa wa kupita. Mitaa ya Bujumbura ilijitenga, huku watu wa aina hii, kule wa aina ile, na zilikuja siku za mji mfu, maduka yamefungwa na watu wamezuiwa kutoka, ambapo hata kuku walionekana kutembea wamejibanza ukutani. Buyenzi ilibaki imechanganyika, watu wa kila aina chini ya mnara mmoja wa msikiti. Lakini watu wa milimani hawakushuka tena, na masweta hayakuwa na mnunuzi.

Aliyepita kote alikuwa Mohamadi. Huyu alichukua ndagala, dagaa wa ziwani, huko Ruziba kwa baiskeli na kuwaleta Buyenzi, akipita Kanyosha na Musaga, akitoa kopo la samaki kila kizuizi. Waliomsimamisha hawakujua wamweke upande gani. Mswahili wa Buyenzi, walisema, na wakamwacha. Yeye ndiye aliyeibeba shali, pamoja na spoku zake na bunda la sufu, ndani ya mfuko wa plastiki juu ya beseni.

"Da Houda," alisema kila alipofika, "hii kitu yenu itavaliwa na paka. Nusa."

"We ndiye unanuka. Shali iko sawa."

"Basi mi na paka tutagawana."

Maneno hakuwa mtu wa kuyabeba. Nusu aliyasahau njiani na nusu akayatia chumvi. Lakini shali haikuhitaji maneno. Yeyote aliyeipokea aliusoma mstari wa mwisho, akajua mahali pa kuendelea. Houda alitambua kwa kidole ni wapi mkono wake umekoma na wa Consolate umeanzia: wake umebana, wa mwenzake umelegea, mwepesi, kama sauti ya mtu anayeongea akitembea. Shali ilipokuwa Kanyosha, spoku nazo zilikuwa Kanyosha, na baraza ya Houda ilikaa kimya. Ziliporudi, mtaa ulisikia mlio. Hivyo zilipita mvua na kiangazi.

Mwanzoni mwa tisini na tano milio ya risasi ilisikika Kanyosha siku kadhaa mfululizo. Mohamadi alikuwa amelala na malaria. Shali ililetwa na binamu yake Faruk, mtu asiyemjua Consolate wala Houda, ambaye aliitupa kwa Fatouma na kuondoka. Houda akaifungua mkekani.

Mistari ilikuwa imelegea kupita kiasi, ikiyumba. Na mahali fulani, karibu na katikati, palikuwa na nundu ambapo pangepaswa kuwa laini. Baada ya hapo mfumaji alikuwa ameifuata kanuni kwa uaminifu, akitazama jirani na jirani, na kwa uaminifu huo huo kosa lilikuwa limeongezeka, likifungua umbo lake ndani ya umbo.

Consolate hakuwa anakosea. Kwa miaka yote ile ya benchi la foyer, Consolate alilegeza lakini hakukosea. Houda akashika pale mahali siku nzima. Kama mkono si wake, aliwaza, basi ni wa mtu mwingine aliyefundishwa haraka haraka, na kama mtu mwingine ameshika spoku, ni kwa sababu mwenyewe hawezi tena kuzishika. Alimngoja Mohamadi. Mohamadi hakuja. Wiki ilipokwisha Houda alikwenda sokoni, akanunua mchele na nyama ya mbuzi, akaazima sufuria kubwa.

Fatouma alikuja na mkeka kwapani. "Ni hitima ya nani?"

"Ya Consolate."

"Mukristo? Houda, mwalimu wa madrasa atasema nini?"

"Mwalimu sijamwita. Nimeita nyinyi."

Fatouma alimtazama usoni, akatandika mkeka. Wanawake wa jirani walikuja, mmoja mmoja, wakijifunika vichwa. Walisoma walichojua kusoma. Pengine kila mmoja alimsomea na mtu wake, kwa maana mwaka ule kila mmoja alikuwa na wake. Mikono iliinuliwa, ikashushwa, na sahani zikapita.

Wakati huo ndipo Mohamadi alipoingia akisukuma baiskeli, amekonda, macho ya manjano. Harufu ya pilau ilikuwa imemvuta tangu njia panda. Wakampa sahani, na mtu aliyetoka kwenye malaria hana maswali. Alikwisha kula nusu alipouliza, mdomo umejaa, "Mungu amurehemu. Ni nani?"

"Consolate," Fatouma akamwambia kwa upole.

"Consolate gani?"

"Huyu wa Houda. Wa Kanyosha."

Mohamadi akaacha kutafuna. "Wa Kanyosha? Huyu mufupi?" Akatazama sahani, akatazama wanawake. "Mi natoka kwake! Asubuhi hii kanipa maji ya kunywa. Kanitukana, ati nimemunyima ndagala mwezi mzima. Aliyekufa anatukana?"

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikapita mkekani kama moto kwenye nyasi kavu. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akasema, "Kula, Mohamadi, kula, ni pilau ya mutu muzima!" Fatouma alilia kwa kucheka, kisha akalia tu.

Houda hakucheka. Alikwenda chumba cha nyuma, kile chenye mwangwi, akakaa huko mpaka wageni wote wameondoka na sufuria zimeoshwa na watu wengine.

Mohamadi, bila shaka, aliipeleka habari Kanyosha. Habari nzuri kama ile, nani angeiacha njiani? Aliporudi, Houda alimsubiri barabarani.

"Alicheka?"

"Alicheka kwanza." Mohamadi alijikuna shingo. "Alisema, wamekula pilau yangu bila mi. Halafu akakaa chini."

"Halafu?"

"Halafu akaniambia niende. Na yule mukwe wake hakucheka kabisa. Kabisa, Da Houda."

Kosa la shali nalo lilikuwa na maelezo. Zile siku za risasi watu wa Kanyosha walikuwa wanajificha migombani. Consolate alifuma kule ili mikono ipate kazi, bila taa, akisoma nundu na laini kwa vidole, na kidole kimoja kilikuwa kimefungwa kitambaa baada ya kujikata na kisu cha mihogo. Alipapasa vibaya mara moja. Alisema Houda afumue mpaka pale penye kosa, aanze upya. Na mama mkwe alisema nguo ya mtu aliyeliliwa akiwa hai isifike kwenye kuganduka kwa mwanawe.

Houda aliivuta spoku mishononi, akashika uzi ili aanze kufumua. Uzi ule ulikuwa umepita kwenye mikono iliyokuwa migombani. Aliushika kwa muda. Kisha akaikusanya tena mishono kwenye spoku, mmoja mmoja, akaendelea mbele, na kosa likiwa ndani.

Sasa kila mstari mpya ulikuwa wa mkono wake. Shali haikwenda tena Kanyosha. Aliogopa kuipeleka na Consolate hakuiagiza. Alifuma mpaka akafika mahali ambapo mstari ungepaswa kujaa, na haukujaa. Katikati, chini ya lile kosa, palikuwa na mapengo ya laini. Akamwaga mahindi na maharage mkekani, hindi kwa nundu na haragwe kwa laini, akapanga mstari baada ya mstari kuona mbele kutakuwaje. Alipanga hadi mkeka ukaisha, akahamia sakafuni. Uwazi ulifunguka na kuziba, maumbo yalipishana, mazuri kwa namna yake, lakini mstari uliojaa haukuja tena. Kuku wa Fatouma waliingia wakadonoa hesabu yote. Aliwaacha.

Habari ya siku ya kuganduka ililetwa na Mohamadi. Houda alivaa baibui yake nzuri, akatia shali mfukoni pamoja na spoku zake, akapanda nyuma ya baiskeli.

"Da Houda, Musaga wakisimamisha, mi ndiye nasema. We ni mugonjwa."

"Mi si mugonjwa."

"Leo ni mugonjwa."

Musaga vijana walikuwa wameketi juu ya matairi. Mmoja aliuchukua mfuko, akatoa shali, akaitandaza kwa mkono ulionyooka.

"Hii ni nini?"

"Shali," Houda akasema kabla Mohamadi hajafungua mdomo.

"Imekwisha?"

"Apana."

"Shali na joto hii!" Wenzake wakacheka. Mohamadi tayari alikuwa anawapimia ndagala aliowabakiza jana. Yule kijana akaikunja, kwa uangalifu wa ajabu, kama aliyewahi kukunja vitu vya mama yake, akamrudishia.

Uani kwa Consolate kulijengwa kivuli cha majani ya migomba. Watu walikaa kwenye mabenchi wakivuta pombe ya ndizi kwa mirija. Jovithe, mama mkwe, alikuwa mlangoni mwa ua, bibi mdogo mwenye macho yasiyopepesa.

"Ni we?"

"Ni mi, mama."

"Ni we ulimulilia mukamwana wangu na anapumua."

"Nilikosea, mama."

"Makosa tunayajua. Ya namna hiyo hatukuwahi kusikia. Na mulikula."

"Tulikula."

"Mwache, mabukwe, ni mugeni wangu." Consolate alikuwa amefika nyuma yake, amevaa vitenge vya sherehe, kichwa wazi, nywele zimekatwa upya. Hawakuwa wameonana tangu barabara ifungwe. Walisimama hivyo, Jovithe katikati yao.

"Umekonda," Consolate akasema.

"We umenenepa. Kwa mutu aliyekufa."

Consolate alicheka, kile kicheko chake cha foyer, na watu wa mabenchi wakageuka. Kisha kikamwishia mdomoni. Akamvuta Houda pembeni, nyuma ya jiko, akaichukua shali, akapitisha kidole juu yake. Kidole kilikuwa na kovu. Kilitembea, kikasimama mahali penyewe.

"Hukufumua."

"Apana."

"Nilikutumia habari ufumue. Ni aibu yangu ile, ungenifichia."

"Ningefumua mpaka pale, ningeitoa yako yote ya zile siku. Ningebaki na yangu tu." Houda akagusa mstari wa mwisho. "Lakini sasa haijai, Conso. Nimejaribu na mahindi na maharage. Nimekwenda mbele mpaka mukeka ukaisha. Haijai tena."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Télesphore angejua kwa nini."

"Angejua."

Nyuma yao mtu alikuwa ameanza kuomba watu wanyamaze, ili wa ukoo waseme. Consolate aliishika shali kifuani, si kama mtu anayevaa.

"Leo siivai," akasema. "Na si mabukwe tu. Tangu nisikie mulinililia, nikijifunika shuka naona ni nyinyi munanifunika. Nimejaribu kucheka. Inakataa."

"Nimeelewa."

Houda akanyoosha mkono kuichukua. Consolate hakuiachia.

"Usirudi nayo," akasema. "Ni zamu yangu."

Houda alitaka kumuuliza kama ataifumua au ataendelea. Jovithe alikuwa anaita jina la mkamwana wake kwa sauti ya juu, na Consolate akaenda, shali ikiwa kwapani, spoku zikichomoza nyuma kama mifupa ya samaki. Houda hakubaki kwa hotuba. Saa ya kuzuia watu kutembea ilikuwa karibu, na Mohamadi alikuwa amekwisha geuza baiskeli.

Kuanzia hapo baraza ilinyamaza. Kila Mohamadi alipopita, Houda alikuwa mlangoni.

"Bado?"

"Bado. Anafuma, nimemwona."

"Anafuma au anafumua?"

"Da Houda, mi nauza samaki. Mutu ameshika vyuma viwili, nitajua anaenda mbele ao nyuma?"

Mwaka mmoja ulipita hivyo, na katikati yake mizinga ikahamia vilima vya kusini. Asubuhi moja Mohamadi hakuja na utani. Aliegemeza baiskeli ukutani, akasema nyumba ya Consolate haina mlango, na ya jirani haina bati. Watu wa upande ule walikuwa wameshuka ziwani, wakafuata barabara ya Rumonge kuelekea kusini, wengine mpaka Tanzania. Jovithe alionekana amebebwa mgongoni.

"Uliingia ndani?"

"Niliingia."

"Ulikuta nini?"

"Chungu. Kitanda, kimevunjika. Vitabu vya mwalimu, vimeloa."

"Na spoku?"

"Hazipo."

"Uliangalia vizuri? Chini ya kitanda?"

"Niliangalia, dada. Hazipo."

Houda alikaa chini kwenye kizingiti. Mohamadi alisimama naye kwa muda, halafu akaenda kuuza samaki, kwa maana walikuwa wanaharibika.

Mafundi wa gereji walimwonea huruma. Mmoja wao alimletea spoku mpya. "Da Houda, tukunolee hizi?"

"Apana, ahsante. Mi niko na zangu. Ziko kazini."

Aliishi kwa kukodisha vyumba. Wapangaji walikuja na kuondoka, vikwazo vya biashara vya nchi jirani vikaja na kuondoka, sukari ikapotea na kurudi. Alasiri alikaa barazani, mikono juu ya magoti, vidole vikienda vyenyewe kidogo. Watu walimsalimu, akaitikia. Fatouma anasema katika miaka ile yote hakumsikia hata mara moja akilitaja jina la Consolate, ila alipowaona watu wamevaa kitu chochote cha kufuma aliwasogelea, akakigusa upindo kwa kidole, akaomba radhi.

Mwaka wa elfu mbili na tatu mabomu yaliangukia mji siku kadhaa mfululizo, na wengi wakahama. Houda alimwachia Fatouma funguo. Majirani walidhani atavuka kwenda Uvira, ambako ana kaka na nyumba ya mawe. Yeye alipanda gari la Nyanza-Lac, kusini, akavuka mpaka kuingia Tanzania. Ilijulikana baadaye kwamba aliingia kambi mbili za wakimbizi za upande wa Kasulu, akauliza. Walimwambia wako akina Consolate wengi. Aliomba aonyeshwe kila mmoja, na kwa siku kadhaa walimwonyesha, na kila mmoja alikuwa mwingine.

Hakurudi Buyenzi. Anaishi Ujiji kwa mpwa wake Hayat, katika chumba cha uani, na asubuhi humsaidia kukanda unga wa maandazi. Akiulizwa kwa nini hafumi tena, husema zamu bado ni ya mwenzake.